Mwalimu wa nyuma ya soko: tathmini ya huduma ya kuwaandikia wasanii maelezo ya kazi zao, Mtwara mjini

Nyuma ya soko kuu la Mtwara kuna duka la steshenari ambalo, pamoja na kutoa nakala, kuchapa barua na kuuza madaftari, lina huduma ambayo sijaikuta kwingine katika mikoa yetu hii miwili ya kusini: kumsaidia mchongaji au mchoraji kuandika maelezo ya kazi yake mwenyewe. Huduma yenyewe haina bango wala jina. Anayeitoa ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili aliyepewa meza upande wa ndani wa duka, na kila mtu humwita Mwalimu. Kwa kuwa hapendi kutangazwa, nami nitamwita hivyo hivyo. Ninaandika nikiwa katibu wa kikundi cha wachongaji na wachoraji ambacho kimewapeleka kwake wanachama wa rika zote, na jukumu langu limekuwa kuyasoma maandishi yanayotoka pale kabla hayajabandikwa ukutani au kutumwa kwa wanunuzi. Nitasema mapema ninavyoona: kwa maelezo ya Kiswahili ya kazi za kuchonga, Mwalimu anastahili kila shilingi anayotoza, kwa uchoraji anahitaji kubadilika kidogo, kwa Kiingereza, mtafute mtu mwingine.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini fundi wa vinyago ahitaji maandishi. Anayeuza kinyago kwa mtalii aliyesimama mbele yake hahitaji, kwa sababu mdomo wake unatosha. Lakini kazi ikiondoka mkononi mwake, haiendi na mdomo wake. Maonyesho, mashindano na mifuko ya kusaidia wasanii kwa kawaida huomba wasifu, maelezo ya msanii na orodha ya kazi yenye vipimo, na asiyekuwa navyo huachwa hata kama mkono wake ni bora kuliko wa waliochaguliwa. Kusini tunalijua jambo hili kwa muda mrefu kuliko tunavyokiri. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alipita Lindi, Masasi na Newala akikusanya vitu vya wenyeji, vinyago vikiwamo, na kuvipeleka Ujerumani. Vitu vingi vya aina hiyo vilivyochukuliwa zama zile vimeandikwa jina la kabila na jina la mahali, huku jina la aliyechonga likikosekana, na sababu iliyomfanya aichonge sura ile hivyo ikikosekana pia. Leo kalamu iko mikononi mwetu, lakini bado tunaandika karibu yale yale ambayo mgeni angeyaandika: kabila, utamaduni, mababu, basi.

Hapo ndipo uhodari wa Mwalimu unapoonekana. Haombi karatasi uliyoandika nyumbani, na ukimpa huiweka kando kwanza. Anataka kazi yenyewe iwe mezani, na ikiwa ni kubwa mno kubebwa kwa bajaji, anataka picha zilizopigwa kutoka pande zote, upande wa nyuma usisahaulike. Kisha huwasha kinasa sauti cha simu, huuliza ruhusa, na kuanza kuuliza. Swali lake la kwanza kamwe halihusu maana ya kazi. Kwa fundi mmoja kijana wa Newala aliyeketi naye nikiwapo, aliuliza, “Patasi uliianzisha wapi?” Kijana alicheka, kwa sababu alikuwa amejiandaa kuulizwa kuhusu amani na upendo. “Nilianza chini, Mwalimu, kwenye ufa.” Mwalimu akamwambia, “Ehe, hebu nipe habari za huo ufa.” Mazungumzo yaliyobaki yalitoka ndani ya jibu hilo.

Kijana yule alikuwa amekuja na kazi ya mtindo wa ujamaa, ule ambao watu wengi hutoka katika gogo moja wakibebana na kushikana, na maelezo aliyoyaandika mwenyewe yalisema hivi: “Kazi hii inaonyesha umoja na mshikamano wa Waafrika na utajiri wa utamaduni wetu tulioachiwa na mababu zetu.” Mwalimu alipofika kwenye karatasi hiyo, mwishoni kabisa mwa kikao, aliisoma kwa sauti na kusema, “Fundi, haya hata jirani yako anaweza kuyabandika kwenye kazi yake, na hayatakuwa uongo. Sasa ya kwako ni yapi?” Baada ya siku chache kijana alipewa maandishi yafuatayo, ambayo nayanakili kwa idhini yake:

“Gogo hili la mpingo lilikuwa na ufa uliotoka chini hadi katikati. Sikuuziba. Niliufuata kwa patasi ukawa nafasi kati ya bibi na wajukuu wanaompanda mabegani. Sehemu nyeupe iliyo chini ya gome nimeiacha iwe kanga yake. Watu ni kumi na mmoja. Wa juu kabisa hana uso, kwa sababu nilipoanza kuchonga mwanangu alikuwa hajazaliwa.”

Hakuna sentensi hapo ambayo Mwalimu ameitunga. Nimeusikiliza unasaji wote, na kila sentensi ilisemwa na fundi mwenyewe, ingawa haikusemwa kwa mpangilio huo wala haikuwa peke yake. Kati ya sentensi ya pili na ya tatu, kwa mfano, palikuwa na hadithi ndefu ya bei ya magogo na ya mtu aliyemuuzia gogo lile akijua kuwa ni bovu. Kazi ya Mwalimu ni kukata na kupanga. Ajuaye mpingo ataona pia kwamba maelezo haya yanafundisha bila kujifanya yanafundisha: kwamba mti huu mara nyingi huwa na nyufa na mashimo ndani, kwamba kiini chake cheusi kimezungukwa na tabaka la rangi nyepesi, na kwamba mchongaji haliamrishi gogo bali hukubaliana nalo. Mgeni anayesimama mbele ya kinyago hicho sasa ana mahali pa kuelekeza macho yake. Atautafuta ufa, ataitafuta kanga, atapanda na watu wale mmoja baada ya mwingine hadi afike kwa yule asiye na uso, na mambo ya umoja na mshikamano atajiambia mwenyewe kama anayataka.

Nimeona pia jinsi anavyoshughulikia vibandiko, vile vikaratasi vinavyokaa pembeni ya kazi wakati wa maonyesho. Hapa Mwalimu ni mkali kama msimamizi wa mtihani. Jina la msanii, jina la kazi, mwaka, mali iliyotumika, na vipimo kwa sentimita, urefu ukitangulia, kisha upana, kisha kina. Kimoja kikikosekana, hachapi. Kwenye mali iliyotumika hakubali neno “mti” peke yake. Kama ni mpingo, anaandika mpingo na jina lake la kitaalamu, Dalbergia melanoxylon, na sababu si madoido: tangu Januari 2017 mti huo umo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo mnunuzi wa nje anayetaka kusafirisha kazi hujiuliza mapema ni mti gani hasa anaoununua. Na kama si mpingo, bali ni mti mwingine uliopakwa polishi nyeusi ya viatu ukafanana nao, Mwalimu anataka hilo nalo liandikwe. Mzee mmoja wa kikundi chetu alinuna kwa sababu hiyo na kwenda kuchapisha vibandiko vyake duka jingine. Mimi nipo upande wa Mwalimu. Mnunuzi atakayeinyanyua kazi ataona ni nyepesi mno, maana mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na baada ya hapo hataamini hata yale ambayo ni kweli.

Jambo lililonifanya nimheshimu zaidi, hata hivyo, ni jinsi alivyoishughulikia kazi ya mzee wetu anayechonga mapiko. Kwa wasiotoka huku, niseme tu kwamba mapiko ni vinyago vya kuvaliwa kichwani, huchongwa kwa mti mwepesi ili mchezaji aweze kucheza navyo, na vimefungamana na jando na unyago wa Wamakonde wa pande zote mbili za Mto Ruvuma. Yapo mambo ya mapiko ambayo hayasemwi mbele ya asiyepitia jando. Msaidizi wa kawaida wa uandishi, hasa aliyesoma vitabu vya wageni kuhusu sanaa, angemsukuma mzee aeleze kila kitu, kwa imani kwamba maelezo mengi ndiyo maelezo mazuri. Mwalimu alifanya kinyume. Kabla ya kuwasha kinasa sauti alimuuliza, “Shikamoo, mzee wangu. Katika hiki, ni lipi la kusemwa na lipi la kubaki?” Mzee alifikiri kwa muda mrefu, akasema kwamba nywele zinaweza kusemwa, kwa kuwa ni nywele halisi za watu zilizobandikwa kwa nta, chale za usoni zinaweza kusemwa, kwa kuwa nyanya yake alikuwa nazo, na anayevaa asisemwe. Maelezo yaliyotoka yana sentensi ambayo sijaiona katika maelezo ya msanii yeyote: “Nani huvaa, na huvaa kwa ajili gani, sitaandika hapa.” Watazamaji wa maonyesho yetu madogo walisimama mbele ya kibandiko hicho kuliko kingine chochote, na hakuna aliyelalamika kwamba amenyimwa kitu.

Kwa mtindo wa shetani Mwalimu anatumia uamuzi huo huo, ingawa sababu ni tofauti. Mtindo huo wa viumbe wenye jicho moja, matumbo yaliyo wazi na miguu isiyohesabika, ambao Samaki Likankoa hutajwa kuwa mwanzilishi wake, umeandikiwa hadithi nyingi sana za kutungwa na wauzaji kiasi kwamba baadhi ya wachongaji vijana wanazirudia kama walizirithi kwa babu zao. Mwalimu anauliza swali moja tu: hadithi hii ulisimuliwa na nani? Kama fundi hana jibu, hadithi inaachwa, na maelezo yanabaki kwenye umbo: kwa nini jicho liko pale, mkono wa tatu ulitoka wapi, ni sehemu gani ya gogo iliyolazimisha mgongo upinde. Wapo wanaoona kwamba hivyo anaiondolea kazi mvuto. Sidhani. Shetani mwenye maelezo machache hutisha vizuri zaidi.

Majina ya kazi ni eneo ambalo anaweza kulifanyia mengi zaidi kuliko anavyofanya sasa. Amewazuia wanachama wetu kuita kila kitu “Familia” au “Mama Afrika”, na hiyo ni hatua, lakini huishia kuchagua jina fupi la kitu kinachoonekana. Wakati mwingine napenda awakumbushe habari za George Lilanga, aliyezaliwa wilaya ya Masasi mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, ambaye baadhi ya picha zake zina majina marefu ya Kiswahili, sentensi nzima kana kwamba mtu anamsema jirani yake. Jina la namna ile hufanya nusu ya kazi ya maelezo, tena kwa ucheshi, na wachongaji wetu ni watu wenye maneno. Inasikitisha kuona mtu aliyechekesha duka zima akitoka na kazi iliyoitwa “Mvuvi”.

Nikija kwa wachoraji, sifa zinapungua. Maswali ya Mwalimu yalizaliwa kwenye mti na patasi, na yanauliza nini kilitangulia, nini kilikatwa, nini kiliachwa. Kwa mchoraji wa mtindo wa Tingatinga maswali hayo bado yanafaa, kwa kuwa naye ana mpangilio wake wa kazi: ubao wa hadibodi, rangi za mafuta zinazong’aa, usuli kwanza, mnyama baadaye, madoa mwishoni. Mwalimu anaufahamu mtindo huo vizuri, na hupenda kuwakumbusha wateja kwamba Edward Saidi Tingatinga alitoka Nakapanya, Tunduru, si mbali na Masasi, ingawa jina lake lilikuzwa Dar es Salaam katika miaka michache iliyoishia kwenye kifo chake mwaka 1972. Shida inakuja kwa mchoraji asiyechora vitu vinavyotambulika. Tulimpeleka binti mmoja wa Lindi anayefanya kazi kwa kupaka tabaka nyembamba za rangi juu ya vipande vya kanga kuukuu na kuzikwangua tena, mpaka hubaki rangi tu na alama za maji. Mwalimu alimuuliza mara kadhaa, kwa upole lakini bila kuchoka, “Mwanangu, hiki ni nini?” Binti, kwa heshima ya mtu mzima, mwishowe akasema labda ni bahari. Maelezo yaliyochapwa yakawa na mvuvi, mtumbwi na machweo, vitu ambavyo havimo kabisa kwenye picha. Aliyalipia, akashukuru, na hakuyatumia.

Nilipozungumza na binti huyo baadaye aliweza kueleza kazi yake vizuri sana: kwamba huanza na kanga zilizovaliwa mpaka zikachuja, kwamba hukwangua ili maandishi ya kanga yasisomeke tena lakini yajulikane kuwa yalikuwapo, na kwamba huacha pale anapoona rangi mbili zimegombana. Haya yote ni maelezo tosha, na Mwalimu angeyapata kama angemuuliza swali lile lile alilomuuliza kijana wa Newala, yaani alianzia wapi, badala ya kudai kitu kinachofananishwa. Nilimwambia hivyo. Alinisikiliza, akasema kwamba picha isiyo na kitu humsumbua, na kwamba hatadanganya kuwa haimsumbui. Ni jibu la mtu mkweli, lakini mteja anayechora namna hiyo ajue hilo kabla ya kulipa. Afadhali aende na orodha yake ya hatua za kazi na asikubali kuulizwa kuhusu kitu kingine.

Tafsiri ya Kiingereza ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Mwalimu haifanyi mwenyewe. Huituma kwa mtu fulani Dar es Salaam, na kinachorudi kinang’aa kupita kiasi. Maelezo ya kijana wa Newala yalirudi yakiwa na maneno karibu mara mbili ya ya awali, yakiongezewa urithi, kina cha kiroho na safari ya utambulisho, mambo ambayo fundi hakuyasema na ambayo Mwalimu mwenyewe angeyafuta kwa kalamu nyekundu kama yangeandikwa kwa Kiswahili. Ufa ulibaki, lakini ulikuwa umefunikwa. Tuliwaomba watu wanaojua lugha zote mbili waandike upya kutoka kwenye Kiswahili, sentensi kwa sentensi, bila kuongeza, na matokeo yalikuwa mafupi na ya kueleweka. Ushauri wangu ni kulipia Kiswahili tu pale dukani.

Vijana kadhaa wameniuliza kwa nini walipe wakati programu za akili mnemba kwenye simu huandika maelezo bure. Nimeyasoma hayo pia. Kiswahili chake kimenyooka, lakini programu haijakiona kinyago, hivyo huandika kuhusu vinyago kwa jumla, na mtu akiyapanga maelezo ya wasanii watano pamoja hawezi kujua yapi ni ya nani. Programu hizo ni nzuri kwa kusahihisha herufi baada ya Mwalimu kumaliza, maana macho yake si kama zamani na makosa madogo ya uchapaji hayakosekani.

Upande wa gharama na utaratibu, maelezo ya ukurasa mmoja ni shilingi 15,000, na vibandiko ni shilingi 2,000 kila kimoja. Nusu hulipwa mwanzoni. Kikao huchukua kama saa nzima, wakati mwingine zaidi ikiwa fundi ni msemaji. Duka ni dogo, feni ni moja, na mashine ya kutolea nakala iko karibu mno na meza, kiasi kwamba sehemu za unasaji hazisikiki vizuri. Epuka miezi ya minada ya korosho, hasa Oktoba na Novemba, kwa kuwa duka hujaa wakulima wanaohitaji nakala za vitambulisho na karatasi za benki, na Mwalimu, ambaye hana moyo wa kumkatalia mtu, husimama kila baada ya dakika chache kumsaidia mzee kujaza fomu. Asubuhi za siku za kazi nje ya msimu ndizo zenye utulivu.

Jambo la mwisho linahusu unasaji. Hakuna makubaliano ya maandishi kuhusu nani anaumiliki, na Mwalimu hufuta sauti kwenye simu yake kila inapojaa, si kwa nia mbaya bali kwa ufinyu wa nafasi. Kwa wasanii wazee sauti hiyo ina thamani kuliko ukurasa uliochapwa, kwa sababu ndani yake mna majina ya waliowafundisha, misitu waliyokata magogo na kazi zilizouzwa zamani bila picha. Sisi tulipoteza mazungumzo ya mwanachama mmoja kwa njia hiyo. Nenda na flashi au kadi ya kumbukumbu, uombe nakala siku hiyo hiyo kabla hujatoka dukani, na kijana wa kaunta atakuhamishia bila malipo.